Zizi la Kurejea: Historia ya Uzee Kibera na Kawangware

Ng'ombe akivunjika guu malishoni hujikokota zizini. Nairobi ilijengwa juu ya fikra hiyo, ingawa waliouchora mji hawakuijua methali yenyewe. Reli ilipofika mwaka 1899 na kambi ya mahema ikaanza kugeuka mji, Mwafrika aliitwa aje kuwa mkono wa kazi na si zaidi: avunje mawe, abebe mizigo, apike katika jiko la Mzungu, na nguvu zikimwishia arudi alikotoka akazeekee huko, kwa gharama ya ukoo wake. Miaka mia na zaidi imepita, na katika mitaa ya Kibera na Kawangware uzee bado unazungumzwa kama safari ya kuondoka. Kuzeekea Nairobi ni jambo la kuogopwa, karibu aibu, kana kwamba mtu ameshindwa kufanya alichotumwa. Hofu hii kwa kawaida hulaumiwa vijana: wamekosa adabu, wameacha mila, hawamjui mzee. Mimi naona lawama hiyo imeelekezwa kusiko. Hofu ya uzee katika mitaa hii ina tarehe zake, sheria zake na ramani zake, na anayetaka kuielewa sharti aanze na historia kabla hajagusa tabia za watu.

Tuanze na kipande, cheti cha utambulisho wa mfanyakazi. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikaanza kutekelezwa kikamilifu. Kila mwanamume aliyefikisha umri wa kufanya kazi alibeba cheti chake ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni, kikiwa na alama za vidole vyake na jina la tajiri wake. Kikopo hicho kiliuliza swali moja: unamfanyia nani kazi? Asiyekuwa na jibu hakuwa na sababu ya kuonekana mjini, na mzee, kwa hali ya mambo, ndiye aliyekuwa wa kwanza kukosa jibu. Mishahara ilipimwa kwa tumbo la mtu mmoja na vyumba vikapimwa kwa kitanda cha mtu mmoja. Mke, watoto na uzee viliachiwa mashamba ya akiba, yaani ardhi zilizotengewa Waafrika. Serikali ya kikoloni yenyewe ilikuja kukiri hivyo. Mwaka 1954 kamati ya mishahara ya Waafrika, iliyoongozwa na Carpenter, iliandika kwamba Kenya haitapata wafanyakazi wa kudumu mpaka walipwe mshahara wa kulisha familia, wapate nyumba ya kuishi na familia hiyo, wawe na kazi ya uhakika, na wawe na kinga ya uzeeni. Mwaka huo huo, tarehe 24 Aprili, Operesheni Anvil, msako wa jeshi la kikoloni, iliwafagia Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu kutoka mjini. Ripoti ilitaka watu watulie mjini huku bunduki zikiwatoa, na kinga ya uzeeni ikabaki kwenye karatasi.

Lakini mahali pamoja palianza kinyume kabisa, na hapa ndipo historia ya Kibera inapostahili kusomwa upya. Kibera tunayoizoea katika habari ni mtaa wa vijana, wa mabati yaliyobanana na kura zenye joto. Asili yake ni makazi ya wastaafu. Askari wa Kisudani waliochukuliwa na kapteni Mwingereza Lugard mwaka 1891 kutoka Kavalli, karibu na Ziwa Albert, mabaki ya jeshi la gavana Emin Pasha, waliingizwa katika vikosi vya Uingereza na baadaye katika King's African Rifles. Waliopigana mpaka wakachoka walipewa ruhusa ya kukaa katika msitu ulio kusini-magharibi mwa mji, na kwa Kinubi, lugha ya askari hao, msitu ni Kibra. Mwaka 1918 ardhi hiyo ilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi, ekari 4,197. Askari mstaafu alipewa kibali cha shamba, akajenga, akapanda mahindi, akafuga, akalea wajukuu. Wazee wa Kinubi wameshikilia siku zote kwamba ardhi ile ndiyo iliyokuwa malipo yao ya uzeeni. Ilikuwa lazima iwe hivyo, kwa sababu wao hawakuwa na shamba la akiba la kurudishwa. Sudan ilikuwa mbali, na wengi wa watoto wao hawakuwahi kuiona. Katika mji ambao kila Mwafrika aliambiwa akazeekee kwingine, Kibera ilikuwa zizi lililojengwa malishoni penyewe.

Zizi hilo, hata hivyo, halikuwa na hati. Mwaka 1928 jeshi liliikabidhi Kibera kwa utawala wa kiraia, na utawala huo haukuwa na deni la moyoni kwa askari wazee. Tume ya Ardhi ya Kenya, chini ya Sir Morris Carter, ilipotoa ripoti yake miaka michache baadaye, iliwahesabu Wanubi kuwa wapangaji wa Serikali wanaoweza kuondolewa, ingawa ilikubali kwamba Serikali ina wajibu kwao. Tangu hapo ardhi ikawa inamegwa: reli, mitaa ya nyumba za kisasa, taasisi. Athari ya jambo hili kwa hadhi ya wazee haitajwi sana, nami naiona kubwa. Kwa kuwa hapakuwa na karatasi, kumbukumbu ya mzee ndiyo iliyokuwa karatasi. Nani alipewa kibali, mpaka ulipita kwenye mti gani, babu wa fulani alipigana vita gani, mambo hayo yote yalikaa kichwani mwa watu wenye mvi wa Makina, Lindi na Kambi Muru. Hata kijana wa Kinubi alipokwenda kuomba kitambulisho na kuwekwa mbele ya kamati ya kuhojiwa, alihitaji mzee wa kumthibitisha na habari za babu na bibi zake. Dhulma ile ya kuhojiwa, ambayo Kamati ya Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto iliiangalia mwaka 2011 ilipoamua kwamba Kenya imewakosea watoto wa Kinubi, ilikuwa na matokeo ambayo hakuna aliyeyakusudia: iliwafanya wazee kuwa watu wasioweza kuachwa kando. Mwezi Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliikabidhi jamii hiyo hati ya ekari 288. Kati ya ekari 4,197, zilizorudi ni 288. Mwaka uliofuata, mwezi Julai, tingatinga zikapita Kibera kufungua barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na maelfu ya watu, wazee wakiwemo, wakakosa makao siku hiyo hiyo.

Kawangware ilifika mahali karibu na hapo kwa njia nyingine. Hii ilikuwa ardhi ya Wakikuyu wa Dagoretti, ardhi ya mbari, na hadhi ya mzee ilipandishwa ngazi kwa ngazi: mtu aliingia kiama, yaani baraza la wazee, kwa kutoa mbuzi, akapata sauti, akapata mahali pa kuketi. Kuzeeka kulikuwa kupanda cheo. Kisha katika miaka ya 1950, chini ya Mpango wa Swynnerton, mashamba ya Wakikuyu yaliunganishwa, yakapimwa na kuandikwa kwa majina ya watu binafsi. Uhuru ulipokuja, mipaka ya Nairobi ikapanuliwa na Dagoretti ikamezwa na jiji. Mwenye shamba aliyekuwa akilima mahindi akajikuta amekalia ploti. Akajenga mstari wa vyumba vya mabati, akaingiza wapangaji kutoka Magharibi, Kisii na Ukambani, na kodi ya kila mwezi ikawa ndiyo pensheni yake. Basi mzee mwenye ploti Kawangware ana usalama ambao mpangaji wake hana. Ila hati ile ile iliyompa mkate imempunguzia jambo lingine. Mambo ya mpaka huulizwa ofisi ya ardhi, si yeye. Wanawe humhesabia miaka, kila mmoja akiwa na mpango wake wa kuuza au kujenga ghorofa, na kesi za mirathi huanza kunong'onwa akiwa bado anakula kwa mkono wake. Kibera ya Wanubi ilimheshimu mzee kwa sababu ya anachokumbuka, na Kawangware humheshimu kwa sababu ya anachomiliki. Heshima hizi mbili hazifanani moyoni mwa anayezipokea.

Chini ya makundi haya mawili wako wengi zaidi, wapangaji, na kwao ndiko hofu ya uzee ilikolea. Wamekuja kutoka Siaya, Kakamega, Kisii, Machakos, wakakaa miaka 30 au 40 katika chumba cha futi 10 kwa 10. Hapa inafaa tutazame chumba hicho kwa karibu. Kitanda kiko ukutani, pazia la kitambaa limekata chumba katikati, jiko la mafuta na ndoo za maji ziko upande wa mlango, na usiku godoro jembamba hutandazwa mbele ya kochi. Sasa kumbuka mila ya Waluo, na ya jamii nyingi za Waluhya pia: kijana akibalehe halali tena katika nyumba ya wazazi wake, hujengewa simba yake, kibanda cha kulala, karibu na lango. Mkwe na mkwewe hawabanani ukumbini. Baba ana kigoda chake na upande wake wa boma. Adabu hizo zilihitaji ua, lango, na hatua kadhaa kati ya mlango mmoja na mwingine. Heshima ilikuwa na ramani. Weka familia hiyo hiyo nyuma ya pazia moja, na mzee atavua nguo akisikia mwanawe akipumua upande wa pili. Hakuna mtu aliyekosa adabu hapo. Nafasi ndiyo iliyokosekana, na mzee huisoma aibu ya nafasi kama aibu yake mwenyewe. Ndiyo maana neno linalosikika sana kwa watu wa umri huo ni mzigo: nisije nikawa mzigo.

Dawa ya kale ya aibu hiyo ilikuwa kurudi nyumbani, na Nairobi nzima ilijifunza nguvu ya neno nyumbani katika kesi ya wakili S. M. Otieno. Alifariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka azikwe Upper Matasia, karibu na Nairobi, na ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Baada ya miezi mitano mahakamani ukoo ulishinda. Fundisho lililobaki kwa mtu wa kawaida ni kwamba nyumba ya mjini ni nyumba tu, nyumbani ni kule. Mpangaji wa Gatwekera, Kibera, au wa Gatina, Kawangware, alikwishajua hivyo, ndiyo maana alituma fedha za mabati na saruji mashambani huku yeye akilala katika chumba cha kupanga. Mnubi hakuwa na mgawanyiko huo. Yeye huzikwa katika makaburi ya Waislamu ya Kibera, hatua chache kutoka alipozaliwa.

Wapo watakaosema: basi jibu ni rahisi, wazee warudi mashambani, huko ndiko wanakothaminiwa. Pingamizi hili lina uzito, kwani kweli wako wanaorudi na kutulia. Lakini linachukulia kwamba zizi bado lipo na mlango uko wazi. Shamba lililotosha babu limegawanywa mara tatu. Mjane aliyeolewa mjini anaweza kukuta shemeji zake wamekwisha kulima kiwanja chake. Na kijiji si mahali salama kwa kila mzee. Mwezi Mei 2008 wazee kadhaa wa Kisii, wengi wao wanawake, walichomwa moto na majirani kwa tuhuma za uchawi. Kilifi nako wazee wameuawa kwa tuhuma kama hizo, na makosa yao makubwa mara nyingi ni mvi, macho mekundu na kipande cha ardhi. Zama za kale zinazosifiwa zilimheshimu mzee aliyekuwa na ng'ombe, ardhi na neno la mwisho juu ya ndoa za vijana. Mzee asiyekuwa na hivyo aliweza kudharauliwa zamani kama leo. Tusiwafanye vijana wa Kibera kuwa wasaliti wa enzi ambayo haikuwahi kuwa hivyo kwa wote.

Jiji nalo lina saa yake ya kuhesabu umri. Katiba ya 2010 inamtambua mwanajamii mzee kuwa aliyefikisha miaka 60, na katika Ibara ya 57 inamwahidi heshima, ushiriki na matunzo ya familia na ya Serikali. Soko la vibarua halikuisoma ibara hiyo. Mwanamume anayetembea alfajiri kutoka Kibera hadi Industrial Area huchaguliwa langoni kwa mabega yake, na mwanamke anayetoka Kawangware kwenda kutafuta nguo za kufua Lavington hutazamwa mikono na mgongo. Akifika miaka 45 au 50 anaanza kuachwa mstarini. Kwa hiyo uzee humfikia mtu mapema kuliko sheria inavyokubali, na humfikia bila jina wala mafao. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) ulianzishwa mwaka 1965 kwa ajili ya walioajiriwa, na kibarua wa siku alibaki nje ya lango lake. Mwaka 2011 ulizinduliwa Mpango wa Pensheni wa Mbao, shilingi 20 kwa siku kwa watu wa jua kali. Wazo lilikuwa jema. Ila shilingi 20 za mtu anayenunua unga kwa kipimo zina wadai wengi kabla ya uzee.

Kuna kipindi kimoja ambacho kilipindua mizani yote hiyo. Novemba 1999 Rais Moi alitangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa, na kufikia wakati huo makaburi yalikuwa yamekwisha kumeza kizazi cha kati. Mitaani, bibi aliyetarajia kutunzwa akajikuta anatunza. Shosho aliyekwisha kufunga biashara yake ya mboga aliifungua tena. Shirika la Nyumbani, lililoanzishwa mwaka 1992 na Padri Angelo D'Agostino, liliwafikia watoto wenye virusi katika mitaa kama Kibera na Kawangware kupitia mpango wa Lea Toto, na mara nyingi aliyembeba mtoto kliniki alikuwa bibi. Baadaye shirika hilo lilijenga kijiji Kitui ambako kila nyumba ina bibi au babu na kundi la yatima. Huzuni ya jambo hili haipimiki. Hata hivyo linafundisha jambo kuhusu nafsi ya mzee: neno mzigo halikumfaa tena mtu ambaye nyumba nzima imemwegemea. Mwili ulikuwa umechoka kuliko zamani, na hadhi ilikuwa imepanda. Aliyemtazama bibi huyo hakuona tena mtu anayengoja kuondoka.

Sasa nije kwenye pingamizi linalonisumbua zaidi, kwa sababu limetoka kwa wanasayansi. Mwaka 2002 Becca Levy wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu wa mji mmoja wa Ohio, Marekani, waliotimiza miaka 50 na zaidi walipohojiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1975. Waliouona uzee wao kwa mtazamo mwema waliishi wastani wa miaka 7.5 zaidi kuliko waliouona vibaya, hata baada ya watafiti kuzingatia afya na kipato. Kama ni hivyo, atasema mtu, tuwafundishe wazee wa Kibera kufikiri vyema, mengine yatafuata. Naukubali ushahidi huo na siukubali ushauri huo. Watu wa Ohio walizeekea katika nchi ambayo sheria ya Hifadhi ya Jamii ilipitishwa mwaka 1935. Maskini wao alikuwa na sakafu chini ya miguu yake, na juu ya sakafu hiyo mawazo yaliweza kuleta tofauti. Zaidi ya hayo, Levy mwenyewe anaeleza kwamba picha ya uzee huingia akilini tangu utotoni, kwa kuwatazama wazee na kusikia wanavyosemwa. Mtoto wa Laini Saba, mtaani Kibera, hujifunza uzee pale pale, kwa kumwona jirani mzee akitolewa vyombo nje kwa kodi ya mwezi mmoja. Ukitaka kumbadilishia mtazamo mtoto huyo, badilisha anachokiona.

Na tunajua kinavyobadilika. Afrika Kusini ilipowafikishia wazee weusi pensheni kamili mwanzoni mwa miaka ya 1990, mchumi Esther Duflo aligundua kwamba wasichana walioishi na bibi mwenye pensheni walikua kwa urefu na uzito bora. Bibi alipopata fedha, nyumba ilipata nguzo. Kenya ilianza kwa majaribio ya fedha kwa wazee maskini katika miaka ya 2000, na mwaka 2018 mpango wa Inua Jamii ukamfungulia mlango kila aliyetimiza miaka 70 bila kipato cha pensheni: shilingi 2,000 kwa mwezi. Fedha hizo huchelewa, wakati mwingine kwa miezi, na zikishalipa kodi ya chumba hubaki kidogo sana. Kujiandikisha kunadai kitambulisho, kile kile ambacho Mnubi amekihangaikia miaka mingi. Kuna na jambo la vidole: mashine ya kuthibitisha huomba alama ya kidole, na kidole kilichofua nguo za watu kwa miaka 40 kimelainika, mashine hukikataa. Mwanzo wa historia hii vidole vya kijana viliandikishwa kwenye kipande ili ajulikane ni mfanyakazi wa nani. Sasa, anapodai haki yake akiwa mzee, vidole hivyo havisomeki. Pamoja na upungufu huo wote, shilingi 2,000 ni mara ya kwanza tangu vibali vya askari wa Kisudani kwa dola kukubali kwamba mtu anaweza kuzeekea Nairobi bila kuwa amekosea.

Kiasi hicho kinapaswa kuongezwa, kilipwe kwa tarehe inayojulikana, na kianze mapema kuliko miaka 70, kwa sababu kazi za mitaa hii huzeesha mapema. Ramani za nyumba mpya nazo zichorwe na mtu anayejua kwamba baba na mwanawe aliyebalehe hawalali nyuma ya pazia moja. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 170,070 Kibera. Aliyehesabiwa siku ile akiwa na miaka 25 atatimiza 60 mwaka 2044, na baadhi ya watu wa rika lake walizaliwa pale pale mtaani na hawana shamba la kurudia.